Nilipoacha kusikia harufu ya karafuu

Ilikuwa siku ya tatu ya kuanika. Jamvi limetandikwa uani kwetu Wete, karafuu zimeshaanza kuwa za kahawia, jua linawaka, na mie sisikii harufu yoyote. Nikachota konzi moja, nikaisogeza mpaka puani. Hakuna kitu. Nikavunja kikonyo kwa ukucha, nikanusa tena. Nilikaa pale kwenye ukingo wa jamvi nikalia, na sikujua hasa ninalia nini.

Mama alikuwa ndani, mwezi wa tano tangu apigwe na kiharusi. Usiku namgeuza kila baada ya saa mbili asije akapata vidonda, na saa moja asubuhi niko skuli mbele ya watoto.

Mafua yangu yalianza kama ya kila mtu. Nikajifukiza mchaichai. Yasipoondoka, nikajinunulia dawa za kuua vijidudu dukani bila ya kupimwa, jambo ambalo nakuombeni msilifanye. Makamasi mazito yakawa yananishukia kooni. Kilichonitesa zaidi ni sala: nikisujudu, mashavu na paji la uso vinajaa uzito, kama uso unataka kudondoka juu ya msala. Shangazi alisema ni kipanda uso.

Daktari alinimulika puani akaona uvimbe. Akaniambia dalili kama hizi zikifika wiki 12, na uvimbe unaonekana, hiyo ni sainasi sugu, yaani uvimbe wa muda mrefu wa pua na matundu ya ndani ya mifupa ya uso. Kisha akaniuliza: "Mwalimu, usiku unalala?"

Nilikasirika. Nikamjibu, "Daktari, mie naumwa pua, siumwi mawazo." Nilidhani ananiambia najitungia maradhi.

Akanieleza kwa upole, na maelezo yake ndiyo yaliyonifanya niandike leo. Mtu akiwa na msongo, mwili unatoa kotisoli, homoni ambayo kwa kawaida hutuliza uvimbe. Msongo ukidumu miezi, seli za kinga huanza kutoisikia vizuri amri hiyo, na uvimbe ulioanza hauzimwi ipasavyo. Msongo peke yake hauzibi pua, lakini pua iliyokwisha kuvimba inaweza kukosa nafasi ya kupoa. Mwaka 1991 wanasayansi walichapisha utafiti uliofanywa Uingereza: watu 394 wenye afya walitiwa virusi vya mafua puani kwa matone, na kadiri msongo wa mtu ulivyokuwa mkubwa ndivyo alivyokuwa rahisi zaidi kuugua. Yale yalikuwa mafua ya kawaida, si sainasi sugu, lakini yalinitosha kuelewa kwamba pua na moyo havikai nyumba mbalimbali.

Na njia ni mbili: moyo unaitesa pua, na pua nayo inautesa moyo. Alinipa karatasi ya maswali 22 wanayopimia maradhi haya. Kamasi, kikohozi, masikio, nikajaza haraka haraka. Nikafika kwenye usingizi, uchovu, kisha huzuni. Hapo kalamu ikasita. Kumbe wanaotibu pua wanajua kuwa pua iliyoziba inamnyima mtu usingizi, chakula kinakosa ladha, na roho inanyong'onyea.

Nilipewa dawa ya kupuliza, na kusafisha pua kwa maji ya chumvi, maji yaliyochemshwa yakapoa, si ya mfereji moja kwa moja. Nafanya asubuhi na usiku. La usingizi halikuwa na dawa ya dukani. Nilimpigia simu kaka yangu Unguja, nikamwambia: "Kaka, safari hii sitaki pesa. Nataka unipokee usiku."

Akashuka bandarini Mkoani siku ya Ijumaa. Usiku ule nikasikia kitanda kinalia, mama akimwelekeza ubavu gani kwa maneno yake yasiyonyooka, na kaka akiitikia, "Naam mama, huku?" Nikainuka nusu, mkono tayari uko kwenye kanga. Kisha nikajilaza.

Ni mwezi wa pili sasa. Kusujudu hakunitishi tena. Harufu inakuja na kuondoka. Juzi nilisikia mafuta ya taa, karafuu bado. Kaka atarudi Ijumaa ijayo, na zamu zake nimeziandika ukutani, juu ya kitanda cha mama.