Mkono Mmoja kati ya Minne

Ndege ya mfano niliyokuwa nikiijenga wakati huo ilikuwa na tumbo jembamba mno, hata servo mbili, yaani mota ndogo zinazosogeza sehemu za ndege kwa amri ya rimoti, moja ya usukani na nyingine ya bapa la mkiani linaloinua na kushusha pua, zililazimika kukaa ubavu kwa ubavu kama abiria waliobanana kwenye kiti kimoja. Kila moja ilikuja na mkono wa plastiki wenye umbo la msalaba, na ilikuwa wazi kwamba misalaba miwili isingeweza kuzunguka mahali pale bila kugongana. Kwa kuwa tulikuwa tumekubaliana kuirusha asubuhi, usiku ule nilichukua koleo ya kukatia waya, nikaanza na msalaba wa servo ya bapa.

Nashukuru kwamba angalau niliuchomoa kwanza, maana nguvu ya koleo ingepita hadi kwenye gia za ndani, ambazo katika servo ndogo kama zile zilikuwa za nailoni na zisingestahimili. Zaidi ya hapo sikufanya lolote la busara. Nilibakiza mkono uliokuwa karibu na kidole gumba changu, nikaikata mitatu mingine kwenye shina, na kipande kimoja kikaruka kikanipiga kwenye nyusi. Pale koleo ilipobana, plastiki ilibaki na mstari mweupe ulioelekea kwenye tundu la katikati.

Asubuhi niliwasha rimoti, nikaviacha vijiti katikati, nikaupachika mkono. Haukusimama wima. Nikausogeza jino moja kwenye shafti, yaani mhimili wa servo wenye meno ambapo mkono hupachikwa, nao ukaegemea upande wa pili kwa kiasi kilekile. Nikaamua kuunyoosha kwa vitufe vya rimoti, na ukanyooka kweli, ila marekebisho yalikaribia kuisha, na bapa sasa likawa linapanda sana na kushuka kidogo.

Rafiki yangu aliyenitangulia miaka mingi katika mchezo huu, ambaye nilimwita kaka kwa kunizidi umri, aliinamia ndege kabla hatujamaliza kusalimiana.

“Ulikata bila kujaribisha?” aliniuliza.

“Kaka, si yote minne ni sawa?”

“Hesabu meno.”

Shafti ya servo ile ilikuwa na meno 25, yaani kila jino lilichukua nyuzi 14.4 za mzunguko. Kwa kuwa 25 haigawanyiki kwa 4, kila mkono wa msalaba huangukia mahali tofauti kidogo na mwenzake, tofauti ya robo ya jino, ambayo ni nyuzi 3.6, kwa hiyo ukijaribisha yote, mmoja utakaa karibu kabisa na pale unapopataka. Mimi nilikuwa nimebakiza ule uliopishana kwa nusu jino, mbaya kuliko yote, na mzuri nimeutupa. (Kwenye servo ya meno 24 nisingepata wala kupoteza chochote, kwani mikono yote minne hukaa sawasawa.) Kisha kaka akapenyeza ncha ya bisibisi kwenye tundu la katikati, akaisokota kidogo, na kitovu kikapasuka palepale kwenye mstari mweupe.

Msalaba wa servo ya pili alinionyesha mwenyewe. Aliujaribisha mkono mmoja baada ya mwingine, akautia alama ya kalamu ule uliosimama, akaubana kwenye jiliwa na kukata mingine kwa msumeno wa meno madogo, akiacha kishina kifupi ili asikaribie kitovu. Tupa na msasa vilichukua muda mrefu kuliko msumeno, maana hakuridhika mpaka kona zote za mkato zilipokuwa mviringo. Alisema ufa huanzia kwenye kona kali.

Kwa servo ya bapa kilikuwa kimebaki kisahani tu, kipande cha duara kinachopachikwa badala ya msalaba. “Hiki hakina mikono ya kukudanganya,” alisema, akanikabidhi msumeno. Nilikipachika vijiti vikiwa katikati, nikachora mstari uliokutana na waya wa kusukumia bapa kwa pembe mraba, nikakichomoa, nikatoboa tundu juu ya mstari huo, kisha nikakata pande zote mbili. Upande wa kushoto msumeno uliniteleza, ukauacha mkono mnene kuliko ulivyohitajika.

Tulirusha ndege jioni, upepo ulipotulia, vitufe vya rimoti vikiwa kwenye sifuri. Mkono ule mnene upande mmoja bado uko kwenye servo ileile.