Mikono ya Mawese Haidaki: Siku Moja ya Mwalimu wa Raga Ujiji

Saa 11:20 alfajiri

Adhana, sala, nusu ndoo ya maji, chai ya rangi na kiporo cha ugali wa muhogo. Saa 12:30 niko njiani kwa miguu, trakisuti chini, ushungi juu, begani mfuko wa salfeti wenye mipira. Vijana wa bodaboda pale chini ya mwembe wananijua. "Madam, leo ngumi saa ngapi?" Nacheka, napita. Nimeshachoka kujibu.

Mimi ni mwalimu wa kujitolea katika shule moja ya msingi hapa Ujiji, Kigoma. Shule siitaji, na majina ya watoto wa watu siyaandiki. Posho yangu inatoka kwenye michango ya wazazi, kwa hiyo kuna mwezi inakuja nzima na kuna mwezi inakuja imekatwa miguu. Jumanne na Alhamisi, vipindi vikiisha, nafundisha raga, ule mchezo wa kukimbia na mpira mrefu mkononi. Hiyo hailipi hata senti tano. Lakini ndiyo inayonimaliza nguvu, na ndiyo ninayotaka kuieleza, maana mjini hapa kuna watu wanaamini kabisa kwamba nafundisha watoto kupigana.

Saa 1:30 asubuhi hadi 8:30 mchana

Kuzidisha kwa tarakimu mbili, insha ya "Mnyama Nimpendaye", daftari 71 za kusahihisha, chaki kwenye ushungi. Walimu mnaijua hii, tuendelee.

Wakati wa uji tu, saa 4, nilitoka mbio kwenda kwa fundi baiskeli. Nina mipira mitatu ya raga ya kweli kwa watoto 34. Miwili ni namba 3, ya watoto wadogo, mmoja namba 4. Alinitumia rafiki yangu wa Arusha, kule nilikosoma chuo na ndiko nilikoujua mchezo wenyewe. Nilikuwa mchezaji wa netiboli, siku moja akaniburuta mazoezini kwao, nikarudi na magoti yana udongo na sikutaka kurudi netiboli tena. Watu huniuliza kwa nini nisinunue mpira mkubwa mmoja mzuri ukakaa. Mpira wa wakubwa ni namba 5, una uzito wa gramu 410 hadi 460 na urefu wa sentimita 28 hadi 30. Mpe mtoto wa miaka tisa, viganja vyake haviuenei. Atauangusha mara kumi, kisha ataamini kwamba yeye hana mikono. Namba si urembo.

Sasa hiyo namba 4 ilichomwa na mwiba Jumanne. Fundi viatu alifumua mshono, fundi baiskeli akaziba kibofu kwa kiraka cha tairi, fundi viatu akashona tena. Umekuwa na kinundu upande mmoja, ukiurusha unayumba kama mlevi anayetoka mitaa ya Mwanga usiku. Fundi aliujaza upepo, akauminya, akaniambia, "Madam, huu haukuumbwa vizuri tangu mwanzo." Nikamwambia ndivyo ulivyo, ni mrefu. Hakuniamini.

Mipira mingine kumi nimeshona mwenyewe: kitambaa cheusi cha suti ya mtumba, ndani sponji ya godoro bovu, umbo la papai. Watoto wenyewe wanaiita hivyo, papai. "Madam, niletee papai!"

Saa 9:30 alasiri

Kitu cha kwanza uwanjani ni sabuni. Wa mikoa mingine labda hamtanielewa. Hapa kwetu maharage ni ya mawese, dagaa ni wa mawese, hata mboga za majani zimepita kwenye mawese. Mtoto anakula nyumbani, anajifuta kwenye kaptula, anakuja mbio mazoezini. Mpira unaingia kwenye mikono ile na kutoka kama kuhe aliyeponyoka kwenye wavu. Mwezi wa kwanza nilidhani nafundisha vibaya. Kila pasi chini, kila pasi chini, hadi nilipoona alama za vidole vya rangi ya machungwa kwenye mpira mweupe, zimepangana vizuri kabisa kama mhuri. Tangu siku hiyo, ndoo na kipande cha sabuni vinatangulia. Mikono ya mawese haidaki.

Halafu tunaanza, na jambo la kwanza si kurusha wala kukimbia, ni kushika. Mikono miwili, vidole vimetanuka kama miguu ya kuku, mpira unakaa kwenye vidole, si kwenye kiganja. Anayengoja pasi ananyoosha mikono mbele kabla mpira haujaondoka kwa mwenzake. Hiyo ndiyo anwani. Usipoonyesha mikono hupewi barua. Anayetoa anamtazama mwenzake, mpira unavuka mbele ya tumbo lake, na mikono inaishia imenyooka kuelekea kwa yule aliyempa. Pasi ya kuzungushazungusha ile ya kwenye video wanaitaka wote. Siwapi. Kwanza mpira ufike umelala, taratibu, mwenzako aupokee bila kuogopa.

Wasichana ndio furaha yangu. Aliyekulia kwenye rede, ule mchezo wa kurushiana mpira, huhitaji kumfundisha kudaka. Ameshadaka tangu ana miaka mitano, mpira unakuja kasi kutoka upande wa pili, jua machoni, dada zake wanampigia kelele. Wavulana wengi mikono yao ililala kwenye chandimu, soka la mtaani, kazi yote ilifanya miguu. Kwa hiyo naweka msichana wa rede na mvulana wa chandimu pamoja, na mvulana ananuna wiki mbili za mwanzo.

Kigumu kuliko vyote ni kwamba pasi ya mkono haiendi mbele. Mtoto unamwambia, "Kimbia mbele, lakini mpira utoe nyuma," anakutazama kama umepata homa. Nilihangaika nalo muda, mpaka nikakumbuka tuko mwisho wa reli. Nikawapanga kama treni. Mwenye mpira ni kichwa, wengine ni mabehewa, mmoja mkono wa kushoto, mwingine wa kulia, wote nyuma yake. Kichwa kikikamatwa, kinampa behewa la nyuma, behewa linakuwa kichwa, linapita. Sheria moja tu: hakuna behewa linalokitangulia kichwa. Siku ile ile walielewa. Sasa mtu akitoa pasi ya mbele, wote wanapiga kelele, "Treni imeanguka!"

Saa 10 na kitu

Kuna mvulana mmoja wa darasa la tatu nitamwita Macho, kwa sababu ndilo tatizo lake: mpira ukimjia anafumba. Leo alikuja amevaa sweta, jua la Septemba linachoma vile, na mimi sikujiuliza kwa nini. Nilitakiwa kujiuliza.

Nilimtenga pembeni na papai la kitambaa cheusi. Nikaandika herufi kwa chaki, nikamwambia kazi yako si kudaka, kazi yako ni kunitajia herufi kabla mpira haujakufikia. Wa kwanza alifumba. Wa pili alifumba pia, ukampiga puani. Ni sponji, hauumi, lakini alinitazama kwa lawama. Wa tatu akasema "N!" kumbe ilikuwa M, lakini alitazama. Nilitamani kuruka. Wa tano herufi aliipata, mpira ukatua kwenye vidole, akaukumbatia kifuani kama mtu anayeficha andazi. Nikabadilisha herufi. Akadaka tena. Kati ya saba alidaka mitatu, na mtoto huyu tangu Julai alikuwa hajadaka hata mmoja.

Hapo ndipo nikasikia nyuma yangu, "Wewe ndiye mwalimu wa vita?"

Mama yake. Kitenge kiunoni, kikapu mkononi, amepanda kwa miguu kutoka kwenye biashara yake ya migebuka, unaona kabisa hana muda wa kupoteza. "Shikamoo, mama." "Shikamoo yako kaa nayo." Akatoa shati jeupe la shule kwenye kikapu, akalikunjua mbele ya watoto wote 34. Limechanika kutoka kifungo cha chini hadi karibu na kwapa. Amelikuta chini ya godoro leo mchana, akitafuta nguo za kufua. Mtoto ana shati moja. Ndiyo sababu ya sweta.

Hapa lazima nieleze vitambaa. Raga yetu haina kuangushana. Kila mtoto ana vipande viwili vya kitambaa vimechomekwa kiunoni, kimoja kila upande. Ukichomolewa kimoja umekamatwa, unatoa pasi. Hakuna kumshika mtu wala kumsukuma. Kitambaa kinachomekwa tu, hakifungwi.

Nikamweleza mama hivyo, taratibu, nikitafuta maneno ya heshima. Akasema, "Kwa hiyo shati limejichana lenyewe?" Nikasema hapana, mama. Nikatazama watoto. Kimya. Kisha msichana mmoja wa rede, mdomo hauna mlango, akasema, "Alifunga fundo, Madam! Jumanne! Alifunga kitambaa kwenye kifungo ili kisichomoke!"

Ilikuwa kweli, nilivyoona uso wa Macho. Alichoka kuchomolewa kila mara akaamua kujifungia. Mwenzake akavuta, kifungo hakikukubali, shati ndilo lililokubali. Mimi wakati huo nilikuwa upande wa pili nahangaika na mpira uliochomwa na mwiba.

Mngedhani hilo lingenisaidia. Lilizidisha. "Kumbe mwanangu mwizi? Hapa mbele za watu mnamwita mwizi?" Nikasema hakuna aliyesema mwizi, mama. "Mdanganyifu basi!" Akamgeukia mtoto, mtoto akajificha nyuma ya mgongo wangu, na hapo nikawa nimesimama katikati kama mwamuzi wa mechi ambayo sikuichagua. Akaniambia mtoto wa kiume anatakiwa acheze mpira wa miguu, Samatta hakushika mpira kwa mikono. Akaniambia mwanamke mwenye ushungi kukimbizana na watoto uwanjani si picha nzuri. Akaniambia shati ni shilingi 8,000 na anazitaka leo.

Nilikuwa na 3,000, na hizo ni nauli na mafuta ya taa.

Tulisimama pale, nadhani, nusu saa. Watoto niliwaambia waendelee na treni, wakaendelea kwa dakika mbili halafu wakaja kusikiliza. Bodaboda wawili walisogea. Mmoja, Mungu ambariki, ndiye yule wa "ngumi saa ngapi". Mwezi uliopita nilimwonyesha kwenye simu fainali ya raga ya wachezaji saba kule Singapore, Aprili 2016, Kenya wanawafunga Fiji 30 kwa 7. Akamwambia mama, "Si ngumi, mama, ni mbio na mpira mkononi, Wakenya wanaujua." Mama akamuuliza kama Wakenya ndio watakaolipa shati.

Mwisho nikasema, "Mama, nipe hilo shati. Kwetu kuna cherehani. Kesho kabla ya paredi nitakuletea limeshonwa, na usiporidhika, mwisho wa mwezi nakununulia jipya." Alilikunja akalifungua akalikunja tena. Akanipa. Hakusema asante na sikuitegemea. Akaondoka, akafika hatua kumi, akageuka: "Na vifungo viwili havipo!"

Baada ya hapo sijui ilikuwa saa ngapi. Maveterani wa soka walishaanza kuingia uwanjani na magoli yao ya fito, na kwa utaratibu wa hapa watu wazima wakija watoto wanaondoka, hata kama walikuwepo wao kwanza. Tukasogea kwenye kona yenye kokoto. Sauti ilikuwa imenikauka. Tulicheza nne kwa nne, kila timu ikijaribu kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa majivu, ndiyo trai, pointi tano. Zile pointi mbili za kupiga mpira teke kupita kati ya milingoti baada ya trai tumezisamehe, milingoti hatuna. Macho hakucheza. Alikaa na papai lake anaandika herufi kwa chaki, anarusha juu, anadaka peke yake. Sikuhesabu.

Jua likazama upande wa Kongo kama lilivyozoea, na mimi nikahesabu mipira: mitatu na kumi. Chupa za maji zenye mchanga ninazotumia kuwekea mipaka, kumi na mbili, moja imepotea. Vitambaa sikuvihesabu.

Usiku

Umeme umekatika. Mama yangu ananishikia tochi ya simu, mimi nakanyaga cherehani. Anacheka peke yake kila akilitazama shati, anasema huyo mtoto ana akili, yeye angefunga mafundo mawili. Mpasuko umefungika vizuri, unaonekana kidogo tu upande wa ndani. Kifungo kimoja nimekitoa kwenye blauzi yangu ya zamani, si cheupe sana lakini kitapita. Kingine sina. Kesho nitatangulia uwanjani kabla wa zamu hawajafagia, nitafute pale tulipokuwa Jumanne, karibu na mwiba.