Kikoba chetu cha Dodoma kilivyofika Ruaha bila kukopa

Watu wengi hapa Dodoma wanajua mbugani ni kwa wazungu, mara ooh kiingilio ghali, kumbe kiingilio ndo kitu rahisi kuliko vyote, Mtanzania analipa kwa shilingi, ni kama hela ya chipsi kuku tu, mgeni wa nje pale hifadhi ya Ruaha ndo anatoa dola 30 na VAT juu yake, tena kwa masaa 24. Kinachoua ni usafiri.

Sisi tulifungua mfuko wa pembeni kwenye kikoba, kila Jumapili ukileta hisa zako unaweka na buku mbili ya safari. Zilipotosha tukakodi kosta, mafuta juu yetu, ubwabwa na kuku tukabeba kwenye hotpoti, usiku tukalala gesti Iringa mjini maana kulala hifadhini kungetumaliza. Kiingilio unalipa kwa kontroo namba, ile namba ya malipo ya serikali, usije na kesh mkononi.

Sasa kuna mama mmoja kwao Manyoni huko, alikuwa kagoma kabisa. "Jamani, tembo wamekula mahindi yangu bure, leo tena niwalipie kuwaangalia?" Na ana hoja bwana, kifuta jasho alichopewa na serikali kwa mazao yaliyoliwa hakikufika hata robo ya magunia aliyopoteza. Tukambembeleza akapanda. Kufika bwawa la Mtera watu wameshuka kununua perege, nikamwambia mama, haya maji yanatoka kulekule tunakoenda, mto Ruaha Mkuu unatoka bonde la Usangu unapita hifadhini ndo unaingia hapa, unazungusha mitambo ya umeme ya megawati 80, halafu unashuka Kidatu unazungusha 204 nyingine, na huo mto ulishaanza kukauka kiangazi toka miaka ya 90 ndo maana 2008 Usangu ikaingizwa kwenye hifadhi. Akanitazama weee, "Kwa hiyo luku yangu inatoka kwa tembo?" Kosta nzima kicheko.

Na pale kijiji cha Tungamalenga kabla ya geti la hifadhi unaona kabisa hela ya wageni inavyotembea, kuna kempu, kuna maduka, wengine wanalima nyanya wanawauzia haohao wa kempu. Mama akasema Manyoni kwao hamna mgeni hata mmoja, tembo tu, hapo sikuwa na la kumjibu.

Sasa hivi yeye ndo mshika hela wa safari ya hifadhi ya Tarangire, njia ya Kondoa ni lami mpaka Babati, na ukichelewesha buku mbili yako anakupigia simu saa kumi na moja alfajiri.