Pezi la samaki wa Kivu na mti wa ukoo wake

Sambaza, samaki wadogo tunaokula Bukavu, waliletwa Ziwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959, kwa hiyo ukoo wao hausumbui. Kazi iko kwa haplokromi, wale jamaa wadogo wa tilapia wanaofanana hata mvuvi anawachanganya.

Ili kuchora mti wa ukoo wao kwa vinasaba (DNA), kata kipande cha pezi cha milimita 5, kitie kwenye alkoli ya 96%, alkoli iwe nyingi kuliko nyama mara kumi. Ibadilishe kesho yake, maana maji ya mwilini huizimua. Mkasi uchomwe moto kabla ya kila samaki. Formalini usiiguse: hutunza umbo, huharibu vinasaba.

Wengi husoma jeni moja iitwayo COI, herufi za DNA kama 650, kutoka mitokondria (vijisehemu vya seli vyenye DNA yao wenyewe), wakaridhika. Kwa haplokromi haitoshi. Mitokondria hutoka kwa mama tu, na spishi hizi ni changa mno, tena spishi moja huzaliana na nyingine. Utakuta spishi mbili zina mfuatano uleule. Hapo tafuta maelfu ya alama, yaani mahali herufi hutofautiana, kwenye DNA ya kiini cha seli.

Na mzizi wa mti, yaani samaki wa nje ya kundi wa kulinganisha naye? Sambaza, jamaa wa heringi, yuko mbali kupita kiasi. Chukua Tropheus wa Tanganyika, jamaa wa karibu zaidi wa haplokromi.