Laptopu Yenye Kioo Kilichopasuka na Spika za Kibuye

Baba alipostaafu alinikabidhi katoni ya CD za benga, muziki wa magitaa wa huku kwetu, akaniambia nizitunze. Kuzitunza niliweza. Kuzisikiliza inavyostahili ndiko kulikonishinda kwa miaka mingi. Hapa kwetu Manyatta, Kisumu, tulikuwa na wufa kama ya majirani, boksi moja kubwa na spika ndogo mbili. Inapiga kweli, hata nyumba ya tatu wanasikia. Lakini benga si kishindo tu. Gitaa la solo linajibizana na mwimbaji, na besi haitulii mahali pamoja, inatembea huko chini ikiimba ya kwake. Kwenye wufa yote hayo yanakuwa uji. Mwaka jana nikaweka kando shilingi 15,000 ninunue vyombo kimoja kimoja, kompyuta ndiyo ipige muziki.

Kompyuta ilikuwa rahisi kupata. Nilinunua laptopu kuukuu kwa 3,500, kioo kimepasuka kutoka pembe hadi pembe, na kwa sababu hiyo hakuna aliyeitaka. Mimi kioo sikukihitaji. Niliiunganisha na televisheni siku moja tu, nikaweka mfumo endeshi wa Linux na MPD, programu ya kupiga muziki inayoongozwa kutoka kifaa kingine, kisha nikaifunga na kuiweka chini ya meza. Tangu hapo nachagua nyimbo kwa simu kupitia waifai ya nyumbani, bila kutumia bando hata moja. Betri yake inashika kama saa moja hivi, kwa hiyo stima ikipotea kompyuta haizimiki ghafla na kuharibu diski.

Pesa nyingi zaidi niliziweka kwenye spika, na ningemshauri yeyote afanye hivyo. Jumapili soko la Kibuye likiwa limefurika, nilikuta jozi ya spika za mbao za zamani, nzito, zimefunikwa gunia. Muuzaji alitaka 6,000, tukaelewana 4,000. Ule mduara wa sponji unaoshika karatasi ya spika ulikuwa umeoza. Niliugusa kwa kidole ukabaki mkononi kama masizi. Nilikaribia kuziacha, lakini fundi wa redio aliyekuwa karibu akaniita. “Omera, hizi hazijafa. Sumaku ni nzima, koili ni nzima. Kilichokufa ni sponji hii tu.” Akabandika mipira mipya kwa 800, akaniambia nisizipige hadi gundi ikauke usiku mzima.

Amplifaya ni kifaa kidogo chenye chipu ya TPA3116, shilingi 1,700, nikakiwasha kwa chaja ya laptopu iliyokufa niliyokuwa nayo, volti 19. Kwa spika za omu 8 kinatoa wati 20 hivi, na sebule yetu haihitaji zaidi. Mwisho nikanunua DAC ya USB, kifaa cha kugeuza namba za kompyuta kuwa sauti ya kupeleka kwa amplifaya, kwa 1,800, kwa sababu tundu la hedifoni la laptopu lilikuwa linatoa mchakacho kila diski ilipozunguka.

Usiku wa kwanza nilikaa kwenye kiti nikiwa na matumaini makubwa. Sauti ya mwimbaji ilikuwa safi kuliko nilivyowahi kuisikia, ila haikuwa na mahali pa kukaa, ilielea tu. Mama Akinyi akatoka jikoni akauliza, “Baba Akinyi, mbona besi imepotea? Wufa ilikuwa na besi.” Alisema kweli. Kesho yake nilichukua betri ya rimoti, ya volti 1.5, nikafungua waya za spika ya kushoto upande wa amplifaya, nikagusisha chanya kwenye waya mwekundu na hasi kwenye mweusi. Karatasi ya spika ikaruka mbele. Nikafanya vilevile kwenye ya kulia: ikarudi nyuma. Kumbe waya zake zilikuwa zimepishana mle ndani. Spika moja ilikuwa inasukuma hewa huku mwenzake anaivuta, na mawimbi marefu ya besi yakafutana. Nilibadilisha waya mbili tu, besi ikarudi nyumbani, na mwimbaji akasimama katikati kama mtu aliye mbele yangu.

Kilichobaki kilikuwa mngurumo. Wimbo ukiisha unasikia mmmmm, chini, bila kukoma. Nilipochomoa chaja ya laptopu ikatumia betri, kimya. Nikachomeka, ukarudi. Hapo nikaelewa: chaja zote mbili, ya laptopu na ya amplifaya, zina mguu wa tatu, waya wa ardhi, na waya ya sauti nayo inaunganisha vyombo hivyo. Inatokea duara, na stima yetu ya hezi 50 inazunguka humo na kuingia kwenye muziki. Nilichomeka zote kwenye ekstensheni moja, mngurumo ukapungua lakini haukuisha. Jamaa mmoja akanishauri nikate ule mguu wa ardhi. Nilikataa, na nakusihi na wewe ukatae, maana ndio unaokukinga chaja ikiharibika. Nilinunua kitenganishi chenye transfoma mbili ndogo, kinachopitisha sauti lakini kinakata lile duara, kwa 600, nikakiweka kati ya DAC na amplifaya. Kimya kabisa. Pamoja na waya za 350, jumla ilifika 12,750.

CD nazihamisha polepole kwenye faili za FLAC, zinazobana bila kupoteza chochote. CD moja iliyojaa inachukua takriban nusu ya ukubwa wake, na diski ya GB 320 inameza mamia. Sauti ya CD ni vipimo 44,100 kila sekunde, nami niliona Linux ilikuwa inavibadilisha kuwa 48,000, nikaielekeza MPD ipeleke moja kwa moja kwa DAC. Sikusikia tofauti kubwa. Tofauti kubwa niliisikia nilipotoa spika ukutani sentimita 40, nikaziinua kwa mawe ya ujenzi hadi usawa wa masikio, na kuziachanisha kwa umbali uleule ulio kati ya kila spika na kiti changu. Kazi hiyo haikunigharimu hata shilingi.

Baba alikuja mwezi uliopita kutoka Ahero. Alisikiliza CD mbili bila kusema neno, kidole chake kikifuata besi kwenye goti. Katikati ya ya tatu tukasikia ngurumo upande wa ziwa, na huku kwetu radi haichezewi. Nikasimama, nikachomoa kila kitu ukutani, tukakaa tukisikiliza mvua ikigonga mabati hadi ilipopita, ndipo akasema nirudishe ule wimbo tuliokatiza, kutoka mwanzo.