Asante Iliyoninyima Chakula

Nilifika Leipzig, mji wa iliyokuwa Ujerumani Mashariki, Oktoba 2009, mwaka ambao chuo kikuu chao kilikuwa kinatimiza miaka 600. Mimi na miaka yao wapi na wapi. Nilikuwa natetemeka kwa baridi. Baba mwenye nyumba alinipokea stesheni, akanibebea begi, tukapanda tramu mpaka Grünau, magharibi mwa mji.

Tuliposhuka nikaganda. Majumba ya zege, safu baada ya safu, madirisha yote mamoja. Kama nipo kwetu Unguja, Kikwajuni, kwenye zile nyumba tulizojengewa na hao hao Wajerumani wa Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964. Nilitamani kumwambia, lakini Kijerumani changu cha miezi minne kikanikwama kooni. "Haus," yaani nyumba, nikasema, nikinyoosha kidole. Akatazama kule, akanitazama mimi. "Ja," akasema kwa upole. "Haus."

Ghorofa ya tano, lifti hakuna. Mlangoni tukavua viatu, na hapo tu ndipo nilipojiona niko nyumbani. Mama mwenye nyumba akanitaka nimwite kwa jina lake. Mtu mzima, sawa na mama yangu! Nikamwita Mama, na akanizoea hivyo hivyo.

Saa kumi na mbili jioni tukakaa mezani. Badala ya sahani, kila mtu na kibao chake cha mbao, mfano wa cha kukatia vitunguu. Palikuwa na mkate mweusi, mzito, mchachu, haufanani na boflo hata kwa mbali. Siagi, jibini, matango ya siki, na sahani ya soseji. Nilipoitazama soseji kwa wasiwasi, baba akaelewa, akaivutia upande wake, na tangu siku ile haikuvuka tena nusu ya meza.

Nikala kipande kimoja tu cha mkate. Tumbo nilikuwa nalitunzia wali. Kila nikipata nafasi natupa jicho jikoni, na jiko liko kimya, hata harufu ya kitunguu hamna.

Mama akaninyooshea kikapu cha mikate. "Noch eine Scheibe?" Kipande kingine? Nikatabasamu: "Danke," asante. Kikapu kikarudi. Akanyanyua jibini. "Danke." Jibini nayo ikaenda zake. Kwetu sema asante mara kumi, utapakuliwa tu. Mama yangu, hata ukifunika sahani kwa mkono, atakumiminia mchuzi juu ya vidole. Kumbe kwao ukikaribishwa ukajibu "danke" peke yake, umekataa, na ukikataa hapana wa kukubembeleza. Mwalimu wangu hilo alilisahau. Saa moja vibao vilishaoshwa, na wali sikuuona.

Usiku wa manane usingizi ukakataa kabisa. Begini mlikuwa na halua ya Wete, Pemba, ndani ya kikapu cha ukili, zawadi ya wenyeji, niikabidhi asubuhi kwa adabu zote. Nikakifungua. Nikamega kidogo, nikasawazisha juu isijulikane. Nikamega tena, nikasawazisha tena. Mwisho nikatoka kunawa vidole, kikapu kwapani kama mwizi wa kuku, na taa ya jikoni ikawaka.

Mama alikuwa na nguo zake za kulalia. Akatazama vidole, akatazama kikapu. "Hunger?" Nikaitikia kwa kichwa, machozi yananilenga. Akakaanga mayai mawili, akatoa ule mkate mweusi, akanishikia mbele ya uso. "Danke," nikasema. Akaurudisha nyuma. "Ja, bitte," ndiyo, tafadhali, akanifundisha polepole, na hakunipa mpaka nilipoitamka.

Kisha akachukua kisu, akapaka halua kwenye mkate wake, juu ya siagi. Juu ya siagi! Mzee yeyote wa Wete angeshika kichwa. Akauma, akafumba macho.

"Noch?" nikamwuliza.

"Ja, bitte," akasema, akasogeza kibao.

Asubuhi baba alipokabidhiwa zawadi yake, iliyobaki haikujaa kijiko.