Mgonjwa Alikuwa Anaumwa Tumbo

Jumamosi, jioni

Leo keria imenisema. Nimeishusha kutoka juu ya gari, nikaisimamisha wima ili nione miguu yake vizuri, nikasikia kitu kikiporomoka ndani ya bomba la chini: shaaa, kama changarawe ndani ya debe. Nikaipindua. Shaaa, kikarudi kilikotoka. Nilikaa chini kabisa, brashi ya waya mkononi, maana nilielewa papo hapo kwamba miaka miwili nimekuwa nikipaka dawa ngozini ilhali mgonjwa anaumwa tumbo.

Niliipata keria hii kwa mtu aliyekuwa anaachana na mambo ya kuendesha porini. Aliniuzia vyote kwa mkupuo: keria, winchi (mashine ya kuvutia gari lililokwama) iliyoganda, ngazi mbili za pembeni, vishikio vinne vya jerikeni na shakeli mbili, zile pingu za chuma zenye pini za kuungia waya wa kuvutia. Vyote mtumba, vyote vyekundu kwa kutu. Kwa uwezo wangu ilikuwa hivyo au nisiwe na chochote.

Keria niliiharakisha. Nilipitisha msasa juu juu, nikapuliza rangi nyeusi ya kopo, nikaipandisha garini. Ilipendeza! Baada ya msimu mmoja wa mvua rangi ikaanza kutoa malengelenge kwenye pembe ya nyuma. Nikailaumu rangi. Nikanunua nyingine ya bei zaidi, nikarudia, na malengelenge yakarudi palepale. Sasa najua kwa nini. Vizibo vya plastiki kwenye ncha za bomba vilikuwa vimepasuka. Maji yaliingia na hayakuwa na pa kutokea. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Changu kilikuwa ndani zaidi ya nguo.

Nimeigonga keria nzima kwa mpini wa bisibisi, shubiri kwa shubiri. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinajibu kwa sauti butu, kama mtu aliyeamshwa usingizini. Palipojibu hivyo nimechomeka ncha ya bisibisi, ikapenya. Kipande cha urefu wa kiganja tu kimekwisha, hapo kwenye pembe. Kwingine kote ni makovu, na makovu ya chuma hayanisumbui.

Nimetoboa tundu sehemu ya chini kabisa ya bomba, nikamwaga magamba yakajaza nusu kopo. Inashangaza bomba jembamba lilivyobeba takataka nyingi hivyo, ila kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ndiyo maana inatutumua rangi na kuzifunga nati zisizunguke.

Jumapili

Siku ya ndoo. Vishikio vya jerikeni vina kona ambazo brashi haifiki, kwa hiyo nimevitumbukiza kwenye umeme. Ndoo ya plastiki, maji, magadi ya kufulia kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita nne, na chaja ya betri ya volti 12. Waya hasi kwenye kishikio, waya chanya kwenye kipande cha nondo kilichosimama upande wa pili bila kugusana nacho. Ukikosea ukageuza waya, utakula kishikio na kuiokoa nondo.

Nimetumia chaja ya kizamani, nzito kama tofali. Hizi mpya zenye akili haziwaki mpaka zione betri, na kishikio chenye kutu si betri. Mambo mawili siyafanyii mzaha. Ndoo inakaa nje, kwa sababu viputo vile ni haidrojeni, na haidrojeni na cheche si marafiki. Na upande wa chanya siweki chuma kisichoshika kutu hata kikiwa kinang'aa namna gani, kwani kinaweza kuacha sumu ya kromiamu ndani ya maji.

Hadi jioni maji yamekuwa ya rangi ya matope, na kishikio cha kwanza kimetoka cheusi kama mkaa. Weusi ule unatoka kwa brashi ya kawaida. Chini yake nimekuta alama za kiwandani ambazo sikujua zipo. Nimesimama nacho mkononi muda mrefu kuliko inavyostahili.

Halafu nimefanya ujinga wa kwenda kunawa na kupumzika kidogo. Niliporudi, kishikio kilichokuwa kijivu safi kilikuwa na ukungu wa rangi ya chungwa. Chuma kilichovuliwa nguo hakingoji. Cha pili nimekifuta, nimekikausha kwa hewa ya moto na kukipiga praima, rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, hapo hapo.

Bolti sikuziweka ndooni. Zile ngumu zinazobeba mzigo, haidrojeni au asidi inaweza kuzifanya zivunjike kama kioo, tena siku usiyotarajia. Bolti nitanunua mpya. Nimebana matumizi kwenye kila kitu, lakini si kwenye bolti.

Jumatano

Nimepeleka keria kuchomelewa. Ili kupunguza gharama nimekata mwenyewe sehemu iliyooza, nikasafisha kingo mpaka zikang'aa, nikapima kiraka. Fundi alibaki na kazi ya kuunganisha tu. Nilikuwa nimefikiria kumimina mafuta ndani ya bomba kabla ya kwenda, ili kutu isianze upya. Nilipomwambia, akaniangalia. “Ndugu yangu, unataka kuichoma keria au kunichoma mimi?” Mafuta yatasubiri mpaka chuma kipoe na rangi ikauke. Lile tundu la chini nimeliacha wazi makusudi, maji yakiingia yapate mlango.

Winchi nimeifungua usiku. Grisi ilikuwa imekauka kama nta ya mshumaa, ndiyo iliyokuwa imezigandisha gia. Meno yenyewe hayana hata mkwaruzo. Nimeosha kwa mafuta ya taa, nimepaka grisi mpya, nimesugua sehemu zinapoungwa nyaya za umeme. Ngoma inayoviringisha waya imezunguka. Waya wake wa chuma, hapana. Una nyuzi zilizokatika zinazochomoza kama miiba, na hakuna rangi wala grisi inayounga uzi uliokatika. Winchi itakaa bila waya mpaka nipate pesa ya mwingine.

Ijumaa

Praima makoti mawili, membamba. Safari hii nimengoja.

Zimebaki shakeli. Nimezikwepa wiki nzima kwa sababu ndizo zilizosafishika kwa urahisi kuliko vyote: brashi dakika chache na zinapendeza, mtu angedhani zimetoka dukani. Lakini pale panapotakiwa kusomeka uzito zinaoruhusiwa kubeba, kutu imechimba vishimo na tarakimu zimeliwa. Pini ya moja inaingia kwa kulazimishwa. Keria ikikatika, nitapoteza mizigo. Shakeli ikikatika wakati winchi inavuta, inaruka kama risasi, na anayesimama njiani anaweza kufa.

Jirani amepita, akazishika, akaniomba moja. “Kaka, mbona nzima kabisa hizi?” Nimemwambia hapana, amenishangaa, pengine ameniona mchoyo. Ningezitupa tu, zingeokotwa. Mtu angezipaka rangi nyeusi ya kopo, na mwingine mwenye mfuko kama wangu angezinunua.

Nimezifunga kwenye jiliwa, nimevaa miwani, nimezikata vipande viwili viwili kwa grinda. Chuma chake ni kizuri kweli, kimekataa kukatika kirahisi. Diski ya kukatia imeishia hapo, ile moja niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya ngazi za pembeni.